Ng'ombe wa Msengi

Jumatatu, 4 Juni
Sijamwambia mtu hili. Siku kaka Msengi alipopanda lori la manamba kwenda kukata mkonge Tanga, mama alilia, na mimi nikajifuta macho makavu. Nilifurahi. Akipata huko ng'ombe wa kumwoa mchumba wake Rebeka, baba hatanitafutia mimi mume wa kutuletea ng'ombe hao. Nitamaliza shule.
Leo hesabu za sehemu. Nimepata zote.

Alhamisi, 7 Juni
Baba yake Rebeka amekuja. Anasema mtama ukishavunwa, hangoji tena mahari. Bibi akanikuta nasoma.
"Mjukuu wangu, hicho kitabu kinakamuliwa upande gani?"
Wote wakacheka. Hata mimi. Nimejichukia.

Jumanne, 12 Juni
Barua ya Msengi, ameandikiwa na mwenzake. Hapa nyumbani msomaji ni mimi peke yangu. Mkataba wake umekwisha, na karani anamtaka aweke dole gumba tena. Mkono umevimba kwa miiba. Siku nyingi kipande, kadi yake ya kazi, hakikujazwa, hivyo hakulipwa. Fedha hazifiki hata za ndama. "Baba akisema nirudi, nitarudi."
Ningeweza kusoma kwamba anataka kubaki. Nani angejua? Nikasoma yote kama yalivyoandikwa.
Mama akasema, "Mwanangu arudi."
Baba alinitazama mimi.

Jumamosi, 16 Juni
Baba amerudi kutoka Ulemo. Kuna watu huko wanaonitaka kwa kijana wao, akaenda kukagua ng'ombe. Amemkataa mmoja, jicho bovu. Wengine wanafaa. Kijana mwenyewe simjui.
Nilikuwa nimepanga la kusema njia nzima kutoka kisimani. Kwamba nimebakiza mwaka mmoja tu. Nikasema, "Shikamoo, baba," nikampokea fimbo.

Jumapili, 17 Juni
Baada ya ibada baba aliniita nije na kalamu.
"Mwandikie arudi. Ng'ombe wamepatikana."
Niliandika: Rudi, kaka. Ng'ombe wamepatikana. Sikuandika wametoka wapi. Nilimpa barua mwinjilisti anayekwenda Kiomboi kesho. Kisha nikavifunga vitabu vya shule kwenye kitambaa, tayari kurudishwa, nikaenda kumsaidia mama kutwanga.