Sinki Halijaziba Tangu Uondoke

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na salamu za nyumba hii ambayo bado imetundika aproni yako nyuma ya mlango wa jikoni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba tanuri la huko kwenye mikate halikuunguzi tena mikono. Mimi sijambo. Baba naye hajambo, ila mgongo unamsumbua kwa kuinamia cherehani kutwa, na miwani yake ameikalia tena. Sasa miwani hiyo ina mkono mmoja wake na mwingine wa uzi mweusi.

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si baba, si mwalimu, si hata daftari langu ambalo nalieleza kila kitu. Barua hii nimeianza mara nne kwa ajili yake. Unanijua nilivyo, mtu wa kuzunguka mbuyu wakati mlango uko wazi. Basi nikizunguka kidogo nivumilie, lakini usiikunje kabla hujafika mwisho.

Nianze na Mlafi, maana najua utamuulizia. Yupo vilevile chini ya sinki, na bado anatikisa vikombe kabatini akiwashwa. Fundi bomba alisema juzi kwamba katika mtaa wetu mzima sisi peke yetu tuna mashine ya kusaga mabaki, na kwamba aliyeijenga nyumba hii lazima alikuwa mvivu wa kubeba ndoo. Namtunza kama ulivyonifundisha. Maji ya baridi kwanza, kisha swichi, kisha mabaki kidogo kidogo, na nikishazima namwachia maji nikihesabu mpaka ishirini. Mafuta ya kukaangia nayamimina kwenye kopo yagande, nayatupa na takataka. Wali haumkaribii, kwa sababu ulisema punje zikishalowa huvimba ndani ya bomba kama mguu ulioteguka. Jumamosi nampa barafu na chumvi atafune, halafu maganda ya limau ili kinywa chake kinukie. Bado nacheka peke yangu nikikumbuka ulivyokuwa ukimwambia apige mswaki, anatuaibisha mbele ya wageni.

Sinki halijaziba hata mara moja tangu uondoke. Hilo, dada, ndilo linalonikosesha raha. Kila maji yanapoteremka vizuri baba hutazama akasema nione mwenyewe, tangu fulani aondoke bomba halijalalamika. Anasema kwa upole, kama mtu anayeomba akubaliwe. Nami nasugua sufuria.

Nataka nikukumbushe siku ile, ingawa najua hujaisahau. Maji yalikuwa yamejaa sinki tangu asubuhi, meupe, na harufu ilikuwa imefika hadi chumbani kwa mama. Fundi bomba alilala chali sakafuni, mimi nikamshikia tochi. Alipofungua ile kona ya bomba chini ya Mlafi, ulitoka mgando mmoja mrefu, mweupe, mgumu kama chaki: wali, viazi, uji uliokauka, vyote vizima. Akauweka kwenye ndoo akacheka, akasema nyumba hii kuna mtu anamlisha bomba kuliko anavyolisha watu. Kisha akasema kitu ambacho nadhani ni mimi peke yangu nilikisikia vizuri: kwamba chakula kile hakikusagwa, kilisukumwa tu kwa maji ya moto bila mashine kuwashwa, na kwamba si kazi ya siku moja, ni ya miezi.

Baba alikuwa mlangoni na utepe wake wa kupimia shingoni. Alikugeukia wewe kwa sababu mpishi ulikuwa wewe. Alisema umeligeuza jiko kuwa jalala huku mama yako akivuta uvundo kitandani, na kwamba unaamka alfajiri kupika ili watu wakusifu, si ili mgonjwa ale. Ulimjibu hujamwaga hata punje moja. Akauliza basi ni nani, mgonjwa ameinuka mwenyewe? Ukanitazama. Hukunituhumu, dada. Ulinitazama kama mtu anayeomba shahidi, kama unayeniita kwa jina ulilonipa: Miwani aseme, Miwani anajua jinsi ninavyolitunza sinki hili. Niliigeuzia tochi ukutani mpaka fundi akaniambia nimmulikie, haoni.

Niliinama nikamulika ndani ya bomba. Jioni ile ukafunga mfuko wako, ukambusu mama kwenye paji la uso akiwa amelala, ukaenda. Siku kumi na tisa baadaye tulikupigia simu uje kumzika.

Sasa nakuambia. Chakula kile nilikimwaga mimi.

Ilianza mwezi wa pili wa ugonjwa. Nikirudi kutoka shuleni wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda zamu ya mchana, umeniachia sahani ya mama imefunikwa. Siku moja mama alinishika mkono akaniambia koo limekataa. Nikasema nitamwambia baba. Akasema hapana, na hasa dada yako asijue. Anaamka gizani kunipikia kisha anakwenda kusimama mbele ya moto, akirudi akaikuta sahani imejaa atavunjika. Akaniomba niimwage, nikuambie amemaliza. Alisema ni siri yetu sisi wasomaji wawili. Unajua nilivyokuwa nampenda anaponiita msomaji.

Nikaimwaga. Lakini Mlafi sikuweza kumwasha, kwa kuwa baba alikuwa chumba cha mbele, na kila mashine ilipounguruma alisimamisha cherehani akauliza kwa sauti tunatupa nini. Kwa hiyo nilisukuma chakula kwa kijiko cha mbao, nikachemsha birika nikamimina nyuma yake, nikaona kimeteremka, nikadhani kimekwenda. Mimi ninayejisifu kusoma vitabu vya sayansi! Kilikwenda hatua moja tu, kikakaa kwenye kona, kikasubiri cha kesho yake. Ulipokuwa ukirudi na kuuliza, nilikuambia mama amemaliza yote, na wewe ukapiga makofi jikoni. Kesho yake uliongeza kijiko. Kadiri nilivyodanganya ndivyo sahani ilivyokua.

Kuna na lingine, baya zaidi. Muuguzi aliyekuwa akija kumpima aliniuliza mara mbili kama mgonjwa anakula. Nilisema anakula vizuri. Sijui kama jibu lingine lingebadilisha kitu. Nimetafuta katika vitabu vya maktaba ya shule na sijapata ukurasa unaoniambia.

Sababu iliyonizuia kukuandikia muda wote huu si woga wa baba peke yake. Siku ya mazishi ulikaa nyuma na wanawake wa mtaani, nikakusikia ukiwaambia kwamba una jambo moja la kukutuliza, mama alikula chakula chako mpaka mwisho. Nilikuwa nimebeba trei ya vikombe. Niligeuka nikarudi jikoni. Nilifikiri nikikusafisha kwa baba nitakuwa nimekunyang'anya hilo, na ni kitu pekee ulichoondoka nacho hapa. Nimelibeba miezi miwili. Lakini wewe unaitwa mchafu ndani ya nyumba uliyokuwa ukiisugua, na mimi ninasifiwa kwa sinki. Siwezi tena.

Naomba unisikie na hili, ambalo ni kweli kama yale mengine. Kila sahani mama aliionja. Hakuniruhusu kuigusa kabla. Alikuwa akikaa kwenye mto, anafumba macho, anakula vijiko vitatu akivihesabu mwenyewe, na cha tatu kilimchukua muda mrefu mno mpaka nilikuwa nikitazama dirishani nisimwone anavyojilazimisha. Baada yake alisema umeweka chumvi sawasawa, au leo umepika una haraka, au leo una furaha. Hakukosea hata siku moja. Ulipopandishwa cheo kazini alijua kabla hujatuambia, kwa supu tu.

Nimeiacha barua hapa kwa saa nzima, sasa nimerudi.

Nilikwenda chumba cha mbele. Baba alikuwa akipinda suruali ya mteja. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, na birika, na kijiko cha mbao. Alisimamisha cherehani. Nilingoja anipige au apige kelele. Aliniuliza vilikuwa vijiko vingapi. Nikasema vitatu. Akauliza kila siku? Nikasema kila siku, mpaka siku ulipoondoka. Baada ya hapo alikuwa akipikiwa na jirani, na mama hakutaka hata kijiko kimoja. Baba akavua miwani, uzi ukakatika, akaiweka juu ya suruali. Akasema nikuandikie kwamba amekosa. Nilimwambia aandike mwenyewe. Nilijishangaa kwa kumjibu hivyo.

Maandishi yaliyokolea wino hapo pembeni ni yake. Ni jina alilokuwa akikuita ukiwa mtoto. Alikaa na kalamu muda mrefu baada ya hapo, kisha akanirudishia, akaenda kusimama mbele ya sinki na kufungua maji. Hakuosha kitu.

Nisalimie wenzako wote wa tanurini, hasa yule mama mkandaji wa unga unayesema anaimba vibaya. Jirani anakusalimu. Aproni sijaifua, naogopa itapoteza harufu yako. Sikuombi unisamehe katika barua ya kwanza, na wala usijibu kabla hujataka.

Baba amevaa shati la kutokea, anasema ataipeleka mwenyewe posta kabla hawajafunga. Nimemwandikia anwani yako kwenye karatasi nyingine pia, ameitia mfukoni. Nimechukua spana, nimefungua kona ya bomba, nimeiosha ndani kwa brashi ya chupa, nimeirudisha na kuikaza. Haivuji.

Ni mimi mdogo wako,
Miwani