Gari la Shangazi Kwenye Mteremko

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Kimya chako kimezidi; je, kifua kimepona? Sisi huku wazima, tunasukuma siku.

Leseni nimeipata. Ndiyo, mimi, na mvi zangu hizi. Gari la marehemu mume wangu lilikuwa linaota kutu uani, na shemeji yangu alishaanza kulimezea mate. Kuendesha naweza. Kuegesha ndiko kunakonitoa jasho. Jana nilikwenda sokoni, nikaona nafasi, nikaanza kurudi nyuma. Wa nyuma yangu wakanipigia honi mpaka nikaiacha nafasi yenyewe. Nikarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Shemeji alikuwa barazani. Alisema gari si sufuria, nimwachie aliuze kabla sijaua mtu. Niliingia ndani nikalia, na hilo nakwambia wewe tu.

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kifua kimetulia, dawa yako ya kukemea imefanya kazi.

Nilicheka pale penye kikapu, kisha nikaacha. Wewe ndiye uliyenilea nilipofiwa na mama, na sijakuona ukikimbia kitu. Hapa kiwandani tuna dereva wa lori, mama wa makamo yako. Nilimsimulia. Anasema anzia uani: weka ndoo mbili, urudi nyuma katikati yake taratibu, kama unaingia chumba alicholala mtoto mchanga. Na penye mteremko usiiamini breki ya mkono peke yake. Tia gia, kisha geuza magurudumu ya mbele yaelekee ukingo wa barabara, ili gari likiteleza ligote hapo.

Usiuze, shangazi.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. U mzima? Mimi mgongo tu, lakini si wa kuutangaza.

Usinune kwa kimya changu, nilikuwa na ndoo. Moja nimeivunja, ya pili inavuja.

Sasa sikia. Shemeji alikuwa na miadi ya macho, na wa kumpeleka hakupatikana. Akaja kwangu shingo upande. Hospitali yenyewe iko juu ya kilima, na getini magari yamejazana chini ya kibao kinachokataza kuegesha. Akaniambia nijibanze hapo hapo, mbona wote wanafanya.

Nikamwambia, "Hapa ndipo linapopita gari la wagonjwa. Anayeletwa roho mkononi apitie wapi?"

Akanuna. Niligeuza, nikashuka mpaka penye nafasi zilizochorwa mistari, nikaingia kinyumenyume bila kugusa mtu. Nikavuta breki, nikatia gia, nikazungusha usukani magurudumu yakatazama ukingo. Akauliza kama nalitandikia gari kitanda. Tukapanda kilima kwa miguu, naye akilalamika njia nzima.

Tulipotoka, watu walikuwa wamelizunguka gari. Waya wa breki ya mkono ulikatika, na gia, si unajua uzee wa gari lile, ikachomoka. Mlinzi alisema aliliona likianza kuteremka, kisha gurudumu likagota ukingoni, likatulia. Chini ya mteremko ule kuna shule, mwanangu. Watoto ndiyo kwanza walikuwa wanatoka.

Nilikaa ukingoni palepale. Shemeji akaja akakaa kando yangu. Akasema, "Shemeji, mimi ningeyaacha magurudumu yamenyooka."

Fundi amelitengeneza. Habari za kuuza zimekufa. Siku hizi shemeji anawasimulia majirani, na kila akisimulia kilima kinarefuka.

Shangazi yako

11 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole na mgongo.

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chai. Nilipofika penye gurudumu kugota ukingoni, yule dereva wa lori aliweka kikombe chini, akasema, "Huyo ni dereva." Basi. Na yeye si mtu wa kusifu.

Nimepata likizo, nakuja mwezi ujao. Ukinifuata stendi, usisogee mlangoni kwa ajili yangu. Egesha panaporuhusiwa, hata pawe mbali vipi, ukae unisubiri. Nitatembea na mzigo wangu, na nikiulizwa njiani naenda wapi, nitawaonyesha kwa kidole: lile pale, lililokaa sawasawa, ni la shangazi yangu.

Mwanao