Mwaka wa Mtoto Mmoja na Nusu

Ghorofa ya juu, nyuma ya duka la dawa,
Mlango wa tatu.
12 Aprili

Mpendwa Kaka,

Nisamehe kwa kimya changu. Barua yako ina wiki mbili juu ya kabati na fomu yako ndani. Kila nikishika kalamu, pacha mmoja huamka akamwamsha mwenzake. U mzima? Mgongo umepoa? Sisi hatujambo. Mapacha wametimiza nusu mwaka, na mkubwa anatembea akiburuta mapazia.

Umeandika kwamba kiwanda cha sabuni nacho kimefulia: mwaka juzi kila hisa ilizaa shilingi tatu na nusu, mwaka jana mbili na kidogo. Basi niweke sahihi, tuuze hisa mia tatu za marehemu mama kabla hazijawa karatasi za kufungia karanga.

Sikuweka. Nilimfunga pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani, nikaenda kwa wakala wa hisa. Karani akanipa kiti na taarifa ya mwaka ya kampuni.

"Mama Pacha, na hawa ni wanahisa?"

"Ndio wenyewe. Mimi mbeba mizigo tu."

Kaka, umekosea mara mbili. Kwanza, umegawa faida yote, milioni ishirini na sita. Wenye hisa za upendeleo huchukua milioni mbili zao mwanzo, kama bibi alivyokuwa akipakuliwa kabla yetu. Sisi wa hisa za kawaida tunagawana kilichobaki chunguni: ishirini na nne.

Pili, umegawa kwa hisa milioni kumi na mbili. Ni kweli Desemba zilikuwa hizo. Lakini hadi mwisho wa Septemba zilikuwa milioni nne tu. Hizo nane ziliuzwa Oktoba mosi, wiki ile ile niliyojifungua. Karani akasema faida hugawanywa kwa wastani wa hisa za mwaka mzima. Hapo nikakwama. Akawanyooshea mapacha kalamu: "Hawa mwaka jana wamekula miezi mingapi?"

Mitatu. Mkubwa kumi na miwili, hawa mitatu mitatu, jumla kumi na minane. Gawa kwa kumi na miwili: mwaka jana nililea mtoto mmoja na nusu! Na kiwanda vivyo hivyo, hisa milioni nne za kwanza ndiye mkubwa, nane za Oktoba ndio mapacha: milioni nne mara moja na nusu ni milioni sita. Ishirini na nne kwa sita, shilingi nne. Haikushuka, Kaka. Imepanda.

Sikufichi, mwaka huu vinywa vyote vitatu vinakula tangu Januari, kwangu na kiwandani. Kitakachobaki chunguni kisipofika milioni arobaini na nane, hiyo nne itashuka, na huenda nikauza mwenyewe bila kuambiwa. Lakini kuuza leo, kwa hesabu iliyowazeesha wanangu miezi tisa, sitaki. Mama alizinunua kumi kumi kwa mshahara wa kufungasha sabuni. Mikono yake unaikumbuka.

Fomu nairudisha ilivyokuja. Lile doa chini ni maziwa, si sahihi.

Msalimie wifi na kasuku wenu. Shemeji yako anakusalimu sana. Mungu akuzidishie afya, na subira kidogo ya hesabu.

Dada yako asiyepungua kukupenda,
Mama Pacha

Bado nahitaji unitumie: cheti cha hisa cha mama, chenyewe, si picha yake. Viatu vya mkubwa, namba ishirini na nne. Chuchu za chupa sita, tatu kwa kila pacha, na hapo usinipigie wastani.