Niliuponda mchezo wa baba mkwe mbele yake

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili nimealikwa nyumbani kwa wakwe zangu watarajiwa na sijui nitaingia na uso gani.

Mimi nauza gemu za mitumba hapa Osu, Nagoya, ghorofa ya pili juu ya muuza mabawa ya kuku, na kazi ninayoipenda kuliko zote pale dukani ni kuandika vile vikadi vya kubandika kwenye rafu, vinavyomwambia mteja mchezo huu ukoje, na si kwamba najisifu lakini kuna watu wanapanda ngazi kuja kusoma kadi zangu tu, hata kama mfukoni hawana kitu, kwa sababu wanajua sipendelei mtu. Ili unielewe lazima nikuambie msimamo wangu. Mimi naamini mashine ya mkononi inaishinda ile ya kwenye televisheni, kwa sababu mchezo mzuri ni ule unaoucheza miguu ikiwa ndani ya blanketi la kotatsu, ile meza fupi yenye moto chini yake, maganda ya machungwa pembeni, na ukiitwa kula unafunga kifuniko na dunia nzima inakusubiri. Naupenda Mvuvi wa Ziwa la Juu kwa sababu samaki akigoma anagoma kweli. Naupenda Kasri la Chumvi, ambao ni wa televisheni na hadithi yake haina kichwa wala miguu, kwa sababu mtu wako akiruka unausikia uzito wake kwenye kidole gumba, na waliouunda walijua kwamba kuruka vizuri kunatosha kumfurahisha mtu mzima. Nisichokipenda ni mchezo unaonitumikisha.

Sasa upo mmoja wa mkononi unaitwa Bafu la Mtaa wa Yanagi, wa zamani kidogo, haukuuzika, na humo wewe ndiye mwenye bafu la umma, unawasha tanuri, unapokea wateja, unawagawia visanduku vya kuwekea viatu. Mwanzo wake ni kuni tu. Unabeba kuni, unapanga kuni, unarudi kuchukua kuni. Kadi yangu nikaiandika hivi: "Utabeba kuni mpaka mikono iume. Subiri bei ishuke. Ikishuka, subiri tena." Wateja walicheka sana, hata bosi wangu, mzee Kajiura, ambaye hacheki ovyo.

Siku moja akaja mzee nadhifu mwenye koti la kijivu, akasimama mbele ya kadi ile kwa muda, akachukua mchezo akauleta kaunta.

Nikamwambia, "Mzee, kadi umeisoma lakini?"

"Nimeisoma."

"Na bado unautaka?"

"Nataka nione kama ni mbaya kiasi hicho."

"Ni mbaya zaidi, hapo nilikuwa na huruma."

Akacheka, akasema, "Kuni zimezidi, eh?"

"Kuni! Mzee wangu, mtu umetoka kazini umechoka, unanunua mchezo upumzike, unabebeshwa mizigo jioni nzima kama punda!"

"Lakini uliumaliza?"

"Niliumaliza."

"Kwa nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, akaingia mteja na sanduku la kaseti kuukuu za kuuza, na mzee akainamisha kichwa, akachukua mzigo wake, akashuka ngazi.

Mshauri, utakuwa umeshajua. Mwezi uliopita familia zetu zilikutana rasmi, yangu na ya mchumba wangu Tetsuro, kwenye mkahawa wa heshima, tumevua viatu, tumekaa kwenye mikeka, na baba yake Tetsuro alipoingia ndiye yule mzee wa koti la kijivu. Akainama mbele ya wazazi wangu, akainama mbele yangu, akasema, "Nimefurahi sana kukufahamu, binti," kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Nikainama na mimi. Tetsuro alikuwa ameniambia baba yake ni wa ofisi ya ajira kwenye kampuni fulani, basi, na kumbe ndivyo ilivyo, lakini mama mkwe akakumbushia kwa utani kwamba zamani alikuwa mtu wa gemu, "Akatupotea nyumbani kwa ajili ya bafu lake lile, na baada ya hapo hawakumpa mchezo mwingine, wakampeleka kwenye makaratasi." Wote wakacheka, naye akacheka, na mimi nikajua ni bafu gani.

Wakati wa kutoka tulijikuta wawili tu pale pa kuvalia viatu, akaniuliza taratibu, "Ile kadi bado ipo?" Nikamwambia, "Hapana baba, tulishaitoa." Ilikuwa ipo. Akasema, "Ahaa," akakawia sana kwenye kiatu kimoja. Kesho yake nikaenda nikaing'oa.

Sasa ametuma ujumbe kwamba Jumapili nije na mashine yangu. Tetsuro sijamweleza ya dukani wala ya kadi, nimemwambia tu kwamba mchezo wa baba yake sikuupenda, na yeye anasema, "Wewe nawe! Mwambie ni mtamu, yaishe, unapungukiwa nini?" Mama yangu, ambaye nimemweleza yote, anasema nipeleke boksi la keki nikaombe radhi. Bosi anasema nikianza kuwasifia wakwe basi kadi zote dukani nizing'oe, maana nani ataniamini tena. Mimi nampenda Tetsuro na nataka kuolewa kwenye nyumba ile, ila sitaki kuingia kwa uongo, tena uongo kuhusu kitu pekee ninachokijua vizuri, na wala sitaki kumuumiza mzee kwa mara ya pili. Mchezo ule ni mbaya, mshauri, siwezi kusema vingine. Kuna bibi mmoja tu humo ambaye sikumwandika kwa sababu kadi ni ndogo. Anakuja kuoga kila siku tangu mwanzo, anaweka kandambili zake kwenye kisanduku cha kona, halafu siku moja haji. Hakuna anayesema kitu, hata muziki haubadiliki. Mimi sikumpa mtu mwingine kisanduku kile, hata wateja walipojaa mpaka mlangoni nikawa nawarudisha, na mpaka leo kwenye mashine yangu kiko wazi. Lakini hilo haliondoi kuni.

Nifanyeje?

Mwandika Kadi, Osu

Mwandika Kadi, pole kwanza, halafu nikuseme kidogo.

Kuuponda mchezo hakukuwa kosa. Uliuzwa dukani, ukaucheza mpaka mwisho, ukasema ulichokiona, na hiyo ndiyo kazi yako. Kosa lako ni ile "hapana" ya pale kwenye viatu, na kosa la pili ni kwenda kuing'oa kadi ili uongo wako uwe kweli. Hapo umenichekesha na kunikera kwa pamoja.

Mwanangu, mtu anayechukia kadi, ukimwambia imetolewa, anavaa viatu vyake upesi aende zake. Huyu wako alikawia. Fikiria alivyoondolewa kwenye kazi aliyoipenda. Naijua namna tunavyofanya mambo hayo: kuinamiana kwingi, shukrani nyingi, na asubuhi yake meza yako iko ghorofa nyingine. Sidhani kama kuna aliyemtazama usoni akamwambia kuni zimezidi. Ulimwambia wewe, kaunta, tena kwa mdomo mchafu, na yeye akacheka. Halafu akakuuliza swali moja, na mpaka leo hujalijibu.

Mimi gemu sizijui. Mjukuu wangu alinipa mashine yake nikaishika juu chini. Lakini barua najua kuzisoma, na yako inaniambia kwamba samaki unayempenda umempa mstari mmoja, na bibi wa mchezo "mbaya" ukamfukuzia wateja. Umenijibu mimi swali la mzee. Lakini aliyeuliza si mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Tetsuro mweleze leo, yote, pamoja na yale ya kaunta, asije kuyasikia mezani kwa baba yake. Akikuambia tena useme ni mtamu, mwambie baba yake hakuomba sifa, aliomba sababu. Keki za mama yako peleka, ila ziwe za chai, radhi usiombe kwa ajili ya kadi. Radhi iombe kwa ile "hapana", kwa sentensi moja, upite. Kadi yenyewe iandike upya na uirudishe kwenye rafu kabla ya Jumapili, na kuni zake zibaki humo humo. Mwombe mzee Kajiura karatasi kubwa zaidi, hatakunyima.

Jumapili ukifika, usikae mbele yake kama mtu wa kuhojiwa. Kaa pembeni yake, bega kwa bega, miguu ndani ya blanketi, uwashe mashine pale ulipoishia. Mwambie, "Baba, kuni zimezidi, hapo sibadilishi neno. Ila uliniuliza kwa nini niliumaliza." Mwoneshe kisanduku cha kona, kiko wazi, na wateja wamejaa mlangoni. Kisha nyamaza, mpe muda wa kutazama.

Asiposema kitu, muulize yule bibi alikuwa nani.