Gawa kwa Nane

Kwako Kaka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ulinitangulia kuzaliwa, na hilo siwezi kulibadilisha. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Huku tu wazima. Mama presha yake imetulia, anakula, na anagombana na majirani kama kawaida.

Nimepata ujumbe wako kwamba niiandikie kamati ya uchunguzi ya hospitali maelezo kuwa mashine zetu za kusomea kanda za kompyuta zilikuwa mbovu, ndiyo maana kazi yako ikaharibika. Umesema ni karatasi moja tu na kwamba dada mwenye moyo hawezi kukataa. Nakujibu kwa kirefu ili usije ukasema hukunielewa.

Mashine zile hazikuwa mbovu. Zilikuwa za zamani, na nilikueleza hivyo siku ulipokuja chumba cha kumbukumbu cha hospitali na fulana ya kampuni yako, ukakalia meza yangu kama uko sebuleni kwako. Ulikuwa umemwahidi mkurugenzi wetu kwamba picha zote za eksirei zingetoka kwenye kanda na kuingia kwenye mtambo mpya kwa usiku mmoja, kwa sababu faiba, ule waya wa data uliotuuzia, inapitisha kumi kwa sekunde. Nikakuuliza kumi za nini. Ukacheka. Nikakueleza kwamba faiba hupimwa kwa biti, kanda hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Gigabiti zako kumi ukizigawa kwa nane zinabaki gigabaiti moja na robo. Hapo tu usiku wako mmoja umeshakuwa siku kadhaa. Na hata hizo ni ndoto, maana mashine zetu zote za kusomea kanda zikijitahidi sana kwa pamoja hutoa megabaiti themanini kwa sekunde. Zizidishe kwa nane uzipeleke upande wa faiba, ni megabiti mia sita na arobaini, hata gigabiti moja haijatimia. Umejenga barabara pana, nikakwambia, lakini geti la kuingilia ni la baiskeli. Kwa kanda zile, ilikuwa kazi ya karibu miezi miwili bila kuzima mashine.

Ulinielewa vizuri sana. Ulisukuma mlango ukaufunga, ukasema kwa sauti ya chini, "Wakubwa hawa hawajui biti wala baiti. Wewe usinivurugie." Nilipofika kwa mkurugenzi nilikuta umeshanitangulia. Aliniambia, huku akitabasamu, kwamba kaka yangu amemweleza ninavyoogopa vitu vipya.

Asubuhi ya makabidhiano ya mtambo mpya majina ya wagonjwa wote yakatokea kwenye skrini. Orodha ya majina ni nyepesi, nawe ulihakikisha inatangulia. Nyuma ya majina hapakuwa na picha, isipokuwa chache, na hukufungua jina hata moja mbele za watu. Ukapigiwa makofi. Mafundi wakakata umeme wa chumba cha zamani ili wavunje ukuta, na kanda zangu zikabebwa kwenye maboksi mpaka stoo ya chini inayovuja. Nilibishana nao korido nzima hadi nikapewa onyo. Wewe ulikuwa unashuka ngazi unazungusha funguo za gari kidoleni. Ulinisikia.

Sasa nikwambie usilolijua. Kuna mama mmoja, fundi cherehani, daktari alimwona na doa kwenye pafu. Mama wa watu akasema aliwahi kupigwa picha hapahapa, watazame kama doa lilikuwepo. Daktari akafungua, akaona jina, picha hakuna. Hakuthubutu kusubiri, akihofia saratani. Wakampasua kifua, wakakuta kovu la ugonjwa wa zamani, halina madhara. Baadaye niliitafuta kanda yake stoo. Ilikuwa imenusurika maji. Nikaisoma kwa mashine yetu moja ya zamani, na doa lilikuwa pale, mahali palepale, ukubwa uleule. Tangu apasuliwe, mkono wake wa kulia haupandi. Alikuja akakaa mbele yangu, akauliza bila hasira, "Jina langu mlikuwa nalo. Picha yangu ilikwenda wapi?" Jibu la swali lake, Kaka, ni wewe.

Ulipopiga simu Jumapili kunihimiza juu ya hayo maelezo, nilikuwa jikoni naosha vyombo, mikono ina povu, nikaiweka simu kwenye spika. Mama alikuwa ameketi mezani. Wiki nzima alikuwa ananisihi niandike, nikuokoe, kwamba una watoto. Ndipo uliposema, "Najua hesabu ilikuwa ya uongo, lakini nani atafungwa kwa kusahau kugawa kwa nane?" Ukacheka. Mama alisikia kila neno, na kile kicheko pia. Ningeweza kukuambia yupo. Sikukuambia kwa makusudi, na sikuombi radhi.

Ukakata simu. Mama akaniuliza yule fundi cherehani niliyemsimulia anakaa wapi. Kesho yake alikwenda peke yake. Aliporudi alikaa muda mrefu hajavua viatu. Akaniambia amepokewa vizuri, amepewa kiti, amemenyewa chungwa kwa mkono mmoja, na muda wote huo alishindwa kusema yeye ni mama wa nani.

Kamati inakaa Alhamisi. Nitasema yote niliyoandika hapa. Mama atakuja, ameshaniambia ataketi upande wa yule fundi, na kwamba safari hii atajitambulisha. Ukitaka kuja, njoo. Usije nyumbani kwanza.

Wasalimie watoto sana, wao hawana kosa, na mwambie wifi namkumbuka. Nimemuuliza Mama kama ana salamu zake kwako. Nimemsubiri mpaka sasa ninapofunga bahasha.

Mdogo wako wa kike