Hagari Dirishani

Jumatatu, 11 Agosti
Uji, dawa, soksi za kubana za bibi Karin. Kisha vumbi. Kumgusa tu Hagari, ule mchoro wa ukutani sebuleni, kamba ikakatika. Kioo kizima, namshukuru Mungu. Lakini karatasi imeteleza ndani ya fremu, na ukingo uliokuwa umefichika umetokea. Pale wino ni wa kahawia iliyokolea. Kwingine kote ni chai iliyozidishwa maji. Nimeufunga kamba mpya, nimetundika, nimenyamaza.

Jumanne, 12 Agosti
Ni mimi. Mchoro ulikuwa koridoni, gizani, ukitazamana na choo. Malaika wa Bwana na choo! Pasaka nikauhamishia sebuleni, mbele ya dirisha la jua. Bibi hakukataa. Nilijisifu hadi kanisani. Leo nimesoma kwenye simu: wino wa kale huliwa na jua. Mjerumani aliuchora miaka mia mbili iliyopita. Hagari Mmisri kampa pua ya sanamu ya Kigiriki, malaika anamwonyesha kisima. Mimi miezi minne tu nimekikausha.

Jumatano, 13 Agosti
Lena, bintiye bibi, amepiga simu. Ijumaa analeta mtaalamu wa makumbusho. Wanataka kuuazima kwa maonyesho. Jioni kwenye treni nimepitiliza kituo changu, Hallonbergen, nikashuka Kista. Kazi hii nikiipoteza, sijui.

Alhamisi, 14 Agosti
Nilitaka kuurudisha koridoni kimyakimya. Bibi akauliza kitini, "Unampeleka wapi?"

Nikamweleza yote. Kiswidi chote kilinikimbia. Akasema, "Macho yangu haya, kule gizani nilikuwa simwoni. Tangu Pasaka namwona kila asubuhi. Mrudishe."

Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia.

Ijumaa, 15 Agosti
Mtaalamu ameinama mbele ya mchoro muda mrefu. Amesema hauendi popote, umeshaharibika. Lena akanitazama. Bibi akasema ni yeye aliyeagiza uhamishwe. Uongo mtupu, kwa ajili yangu. Sikuweza kuunyamazia. Nimemfuata Lena kwenye ngazi nikamwambia ni mimi. Amesema ataongea na ofisi yangu ya huduma kwa wazee Jumatatu. Hakuniaga.

Jumatatu, 18 Agosti
Uji, dawa, soksi. Mtaalamu ameagiza pazia lifungwe kutwa. Bibi ameomba robo saa tu, wakati wa kahawa. Nimefungua. Amemtazama Hagari, mimi nimesimama nyuma ya kiti. Simu kutoka ofisini haijaja bado. Kahawa ilipoisha nikafunga pazia, nikaosha kikombe.