Mtandao Uliouficha

Dada Pili,

Leo nimeifuta waifai yako. Najua ungenisonya. Nisikilize kwanza.

Tangu tukusindikize uwanja wa ndege, wewe ndani ya sanduku ukirudi Tanga, humu chumbani kwetu Muraqqabat, Dubai, hakuna aliyeigusa ile ruta juu ya kabati. Nani angethubutu? Arbabu, bosi wa mtandao, ulikuwa wewe. Mgeni akihamia, unamwambia, "Lete simu, geuka ukutani," kisha unamwekea paswedi mwenyewe, umeifunika simu kwa mtandio. Na jina la mtandao, PILI TANGA, ukalificha majirani wasilione. "Mwizi ataibaje asichokiona?" Ukacheka hadi chai ikakupalia. Nami nacheka hapa ninapoandika, machozi nayo hayo yanakuja.

Basi dada, waliuona. Sijui jengo zima liliingia, maana mtandao ulikuwa unatambaa. Mama Neema wetu wa humu chumbani, mama yake amelazwa Arusha, anamtumia ujumbe wa sauti, nao unazunguka tu, haufunguki. Akaniomba niitengeneze ruta. Nikakataa. Paswedi ulikwenda nayo, na njia iliyobaki ni kuminya kile kitundu cha nyuma yake, kinachofuta kila ulichoweka. Simu yangu bado ilikuwa inaingia kwa paswedi uliyoiandika kwa vidole vyako. Nilitaka hiyo tu ibaki. Tulinuniana wiki nzima, hadi aliponiambia usoni, "Zawadi, Pili kafa. Mama yangu bado yu hai."

Iliniuma kweli, kwa sababu alikuwa na haki.

Nikamuuliza yule fundi Mkenya wa mitandao pale hotelini ninapofanya usafi. Akaguna. Kufuli uliloweka ni la kizamani, anayejua analifungua kwa dakika chache. Na kuficha jina wala si ulinzi. Mtandao uliofichwa haujitangazi, kwa hiyo simu ndiyo inayozunguka mjini ikiuita kwa jina, kuuliza kama upo. Nikamshukuru, nikaenda kujifungia stoo ya mashuka. Miezi minne, dada! Kwenye basi, sokoni Naif, kazini, simu yangu inakuita PILI TANGA, PILI TANGA, nami sina habari.

Leo Ijumaa sote tulikuwa nyumbani. Nimeiminya kwa pini yako ya mtandio, ile yenye lulu. Nikafuata karatasi ya fundi: nikachagua kufuli jipya, WPA2 na AES, nikabadilisha paswedi ya ruta yenyewe, nikazima kile kitufe cha kuunganisha haraka. Halafu nikapanda kitandani kwako nikawaambia, "Leteni simu, geukeni ukutani." Wakageuka wote, hata Mama Neema.

Ujumbe wake ukafunguka palepale. Mama yake analalamikia uji wa hospitali, eti hauna hata sukari. Chumba kizima tukausikiliza mara tatu.

Jina nimeliandika upya lilelile. Nimelifichua tu. Nakuahidi, maadamu nalala chumba hiki, hakuna atakayelificha tena. Pumzika, dada yangu. Simu haina haja ya kuhangaika mjini ikikuita. Nikifika mlangoni tu, kabla sijavua viatu, upo hapo juu kabisa ya orodha: PILI TANGA.

Zawadi, wa kitanda cha juu